Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu misheni yangu Uganda (majibu yote hapa)

Tangu nirudi Dar kutoka misheni kila mtu ana swali. Jamaa wa mtaani, binamu zangu, vijana wa kanisani waliojaza fomu zao, na wamama ambao watoto wao wameitwa na hawalali. Nimejibu WhatsApp mpaka vidole vimeuma, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Nilikuwa Uganda Novemba 2022 mpaka Novemba 2024, mmisionari wa kujitolea wa kanisa letu, lile mnaloliita la Wamormoni. Ninayoandika ni ya kwangu, mwingine alikuwa hukohuko miaka hiyohiyo na atakwambia tofauti.

Kwani nyie Wamormoni ni Wakristo au ni kitu gani?

Wakristo. Jina la kanisa ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, refu najua, ila 2018 rais wa kanisa wa wakati huo, Russell M. Nelson, alituomba tuache kujiita Wamormoni tutumie jina lenyewe, sasa naandika Mormoni hapa ili tu mnielewe. Lilianzishwa na Joseph Smith jimbo la New York mwaka 1830. Tunasoma Biblia na Kitabu cha Mormoni, ambacho kwa Kiswahili kipo kizima tangu 2000. Hicho kitabu kilinisaidia Uganda kuliko nilivyotegemea, nitafika huko.

Una miaka 19 unaitwaje Mzee?

Haha. Kwa Kiingereza cheo chetu ni Elder na kwenye Kiswahili cha kanisa imekuwa Mzee, wadada wao ni Dada tu, wamepona. Kwenye beji imeandikwa jina la ukoo pekee, kwa hiyo miaka miwili hakuna aliyeniita jina langu la kwanza isipokuwa mama kwenye simu. Kuna babu mmoja Mukono alisoma beji yangu akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Mzee wa nani wewe, ndevu ziko wapi?" Sikuwa na jibu mpaka leo.

Ulichagua mwenyewe kwenda Uganda?

Hapana, huchagui. Unajaza maombi, unapimwa afya, unahojiwa na askofu na rais wa kigingi, yani kiongozi wa makusanyiko kadhaa ya eneo lenu (au rais wa tawi, kusanyiko dogo, na wa misheni kama kwenu hakuna kigingi), halafu barua inatoka makao makuu Salt Lake. Siku hizi inakuja kwa emeili unaifungua mbele ya ukoo mzima. Wajomba zangu walishakubaliana ni Marekani, mmoja kashaanza kunitajia saizi ya viatu. Nikasoma: Misheni ya Kampala Uganda. Kimya. Af shangazi akasema, "Uganda? Si hapo tu, hata kwa basi unafika."

Kweli kwa basi unafika, ila mi nilienda kwa kuzunguka. Mafunzo ya kwanza nilifanya nyumbani kwa Zoom, nimevaa tai juu na bukta chini, halafu nikapelekwa chuo cha wamisionari Ghana ndo nikarudi huku mashariki nikatua Entebbe. Ilikuwa wakati wa Ebola ile iliyotangazwa Septemba 2022 huko Mubende na Kassanda, kwa hiyo kitu cha kwanza Uganda ilinifanyia ni kunipima joto kwenye paji la uso.

Mlikuwa mnalipwa shilingi ngapi?

Sifuri. Hili swali linaulizwa na watu wazima wenye akili zao na bado hawaniamini. Ni kazi ya kujitolea, tena unachangia wewe na familia kadiri mnavyoweza na kanisa linaongezea. Mkiwa kule misheni inalipa kodi ya nyumba, na ninyi mnapewa hela ya mwezi ya chakula na nauli, ikiisha imeisha. Mwezi wangu wa kwanza niliona noti za elfu hamsini nikajiona tajiri, nikala kuku wiki mbili. Wiki mbili zilizofuata tulikula kikomando, yani chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, asubuhi na jioni. Mwenza wangu, yani mmisionari niliyepangwa naye, hakunisema. Aliweka tu daftari mezani limeandikwa "bajeti".

Siku moja inakuwaje kuanzia asubuhi?

Kuamka saa kumi na mbili na nusu. Mazoezi nusu saa (wengine wanalala sakafuni wanaita ni kunyoosha viungo), kuoga, chai ya mchaichai na mkate, kisha kusoma maandiko peke yako, halafu mnasoma pamoja na kupanga mtaenda kwa nani. Saa nne hivi mko barabarani. Kuanzia hapo ni miguu. Kampala ni vilima juu ya vilima, unapanda unashuka, unapanda tena kwa sababu mtu uliyepanga naye kasema yuko nyumbani na kumbe yuko Owino sokoni. Vumbi jekundu kiangazi, tope jekundu mvua ikija, na wewe umevaa shati jeupe. Jioni mnarudi mapema giza lisiwakute mbali, mnapika, mnapiga simu za kesho, saa nne na nusu usiku taa zimezimwa.

Watu wanadhani muda wote tunahubiri. Kiukweli nusu ya siku ni kutembea na kusubiri. Robo nyingine ni kusaidia: nimelima bustani za watu, nimebeba jerikeni za maji, nimemenya matoke na kisu butu mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, hautoki na sabuni ule, paka mafuta ya kula kwanza kabla hujaanza kumenya.

Jumatatu ndo siku ya maandalizi: kufua kwa mkono, sokoni, kunyoa, mpira, na kupiga simu nyumbani.

Ni kweli hamruhusiwi kuwa peke yenu hata dakika?

Kweli. Hili ndo jambo gumu kuliko yote na hakuna aliyeniambia kabla. Unapewa mwenza, hukumchagua, hamfahamiani, mnalala chumba kimoja na kutembea pamoja saa 24. Choo na bafu tu ndo unakuwa peke yako, na mi nilikuwa nakaa bafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nasikiliza maji tu.

Kila wiki sita kuna transfa. Inaweza kukuhamisha, inaweza kukuacha. Nimepata wenza kumi: Wakenya, Mzimbabwe, Mkongo, Mganda, Mnaijeria, na Wamarekani wawili. Mmoja tulikaa wiki tatu bila kuongea zaidi ya "tayari?" na "twende". Ugomvi wenyewe ulikuwa nini? Sufuria. Yeye anaacha ukoko wa ugali kwenye sufuria hadi kesho, mi nimelelewa na bibi ambaye ukilaza chombo kichafu anakuamsha. Tuliomba asubuhi na jioni pamoja, kila mtu anamuombea mwenzie abadilike. Mwisho yeye ndo alianza, alikuja na sufuria imesuguliwa inang'aa akaiweka kitandani kwangu. Kitandani! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Huyo sasa ndo rafiki yangu mkubwa.

Ya Mmarekani nayo lazima niisimulie. Saa za Waganda ni kama zetu, asubuhi saa mbili kwao ni ssaawa bbiri, wanahesabu kama sisi. Mwenza akachukua simu, mama mmoja akamwambia kwa Kiganda njooni ssaawa munaana, yani saa nane mchana. Yeye akaandika 8. Tukafika saa mbili asubuhi, mama wa watu yuko na khanga anafagia uwanja, watoto uchi wanaoga kwenye beseni. Akatupatia viti na ufagio akaendelea. Tulifagia.

Kiswahili wanaongea Uganda?

Hapa kaeni vizuri.

Nilifika najiamini kabisa, Mtanzania, Kiswahili kimenilea, nikajua Afrika Mashariki ni moja. Siku ya pili Kampala nikamsalimia mama wa duka, "Shikamoo mama, habari za asubuhi?" Uso ukabadilika. Akaita mtu nyuma. Mwenza wangu Mganda akaingilia haraka, "Gyebaleko nnyabo," akaongea maneno mengi, mama akapumua. Tulipotoka akaniambia, "Kaka, hapa ukija na Kiswahili mtu anafikiri wewe ni mwanajeshi au mwizi."

Alinieleza na baadaye nikasikia kwa wengi. Kwa watu wazima wa Buganda Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na polisi. Idi Amin ndo aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka Kiswahili kikisemwa na mtu mwenye bunduki, usiku, mlangoni. Unaelewa sasa? Salamu yangu ya heshima ilikuwa inamkumbusha mtu mambo mengine kabisa. Kikatiba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005 na mwaka 2022 baraza lao la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, kwa hiyo watoto wanakipenda, wanakufuata njiani wanasema "jambo, jambo". Bibi zao bado.

Af ukienda kwingine mambo yanageuka. Busia mpakani Kiswahili ni cha biashara, hakuna anayeshtuka. Lira na Gulu wanaume wengi wanakijua cha jeshini, "mimi hapana jua", "kuja hapa", nikaacha kukisahihisha baada ya wiki moja, maana kilikuwa kinafanya kazi. Na Kampala hiyohiyo, kwenye mitaa ya wakimbizi wa Kongo, Kiswahili ndo nyumbani. Huko nilipona. Mama mmoja wa Bukavu nilimpa Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili, akafungua katikati akasoma kwa sauti aya mbili, akafunga, akakaa nacho kifuani. Akasema ana miaka minne hajashika kitabu cha lugha yake, kila anachopewa Uganda ni Kiingereza. Hakubatizwa yule mama, wala hakuja kanisani zaidi ya mara mbili. Lakini kitabu alibaki nacho na mimi kila nikipita ananiita "mwana ya Tanzania, kuja kula".

Kiganda ulijifunza?

Cha kuombea maji na kuomba samahani. Misheni yenyewe inaendeshwa kwa Kiingereza. Ila salamu lazima, na salamu za Kiganda zinachukua muda: wasuze otya, umelalaje, wa nyumbani je, na kila mtu anaguna "mmm" mara tatu kabla ya neno la maana. Kijana anayeruka salamu hafungui mlango wowote. Wadada na watoto wa kike wanapiga magoti wakisalimia, mara ya kwanza nilishtuka nikataka kumuinua mtu, mwenza akanivuta koti.

Onyo kwa Waswahili: kuna neno la Kiganda la kawaida kabisa maana yake kulinda au kutunza, ambalo kwetu ni tusi kubwa. Utalisikia kanisani, kwenye sala, mbele ya watoto. Uma ulimi. Siliandiki, mama anasoma hapa.

Chakula je? Na chai mnanyimana kweli?

Matoke utakula mpaka uyaote. Mi mwanzo nilikuwa nayaona kama ndizi zilizokosa nazi, sasa hivi nayatamani, hasa na mchuzi wa njugu wanaita binyebwa. Rolex ni chapati imekunjwa na mayai ndani, ndo imetulea wamisionari wote. Posho ni ugali. Mukene ni dagaa. Nsenene ni panzi, msimu wao Novemba, wanakaangwa na kitunguu, nilifumba macho nikala na nikaomba tena, usinihukumu.

Chai sasa. Sisi tuna Neno la Hekima tangu 1833: hakuna pombe, sigara, kahawa, wala chai ya majani yenyewe. Pombe kukataa ni rahisi, unasema mlokole wanakuelewa. Chai ndo mtihani. Mama amekukaribisha, ametoa kikombe kizuri cha wageni, maziwa, tangawizi, sukari vijiko vinne, na wewe unasema sinywi. Utakavyosema ndo kila kitu. Nilijifunza kuwahi: kabla hajabandika namwambia "mama, tumbo langu linapenda mujaja," na mujaja, mmea wa kunukia, umejaa uani kwa watu, ananichumia anachemsha, heshima ya kila mtu imebaki. Mwenza mmoja alikuwa anatoa hotuba ya Neno la Hekima huku kikombe kiko mkononi mwa mama. Jamani.

Boda mnapanda?

Hapana. Misheni yetu ilikataza kabisa na ukiona wanavyokata kona Kampala utashukuru. Tulipanda teksi, yani daladala zao, za abiria 14, ukitaka kushuka unasema "mu maaso awo". Kuogelea pia marufuku. Nilikaa Jinja miezi minne karibu na Nile inapotoka ziwani, kila Jumatatu naiangalia, sijachovya hata kidole.

Mnaoa wake wengi?

Kanisa liliacha mwaka 1890. Anayeoa wa pili leo anatolewa. Uganda ndoa za mitala ni kawaida tu kwa mila, kwa hiyo huko swali lilikuja kwa matumaini. Mzee mmoja Mbale alifurahi sana aliposikia habari za Wamormoni wa zamani, alitukaribisha vizuri, alituchinjia na kuku. Tulipomweleza msimamo wa sasa aliuliza kama kuku anarudishwa.

Na Freemason? Na zile hela za Illuminati?

Nilishajibu hapo juu, nilikuwa nakula kikomando.

Simu nyumbani mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, siku ya maandalizi, na vidiokoli inaruhusiwa. Kabla ya Februari 2019 ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu, waliotutangulia wanatuona watoto wa mayai.

Na ukifiwa ukiwa huko?

Nilifiwa. Bibi yangu, yuleyule wa sufuria. Nilikuwa Lira, ilikuwa Alhamisi, rais wa misheni akapiga mwenyewe. Unaweza kuomba kurudi lakini wengi wanabaki, na mimi nilibaki, mama ndo aliamua, alisema bibi asingependa uache kazi katikati. Mnajua kwetu msiba ulivyo. Kutokuonekana msibani kwa bibi yako mzaa mama ni jambo watu wanakumbuka miaka. Mjomba mpaka leo ananirushia maneno.

Niliangalia mazishi kwenye simu, intaneti inakatika, naona jeneza halafu naona duara linazunguka. Sasa wamama wa mtaa pale Lira, wa kanisani ni wawili tu wengine hata dini yetu hawaijui, walisikia. Jioni walikuja na mkeka, wakaukunjua kwenye veranda yetu, wakakaa. Hawakuongea sana, Kilango changu, lugha ya pale Lira, kilikuwa "apwoyo" (asante) na salamu tu. Mmoja alileta mtama umepikwa uji, akanishikisha bakuli, akasubiri ninywe lote. Walikaa hadi saa tatu usiku, muda ambao kwa sheria wageni wa kike hawakai kwetu, mwenza wangu akatoa viti vyote nje tukakaa barazani mbele za watu, hakuna aliyehoji.

Ulibatiza wangapi?

Hili swali silipendi na sijibu. Watu si kuku wa kuhesabu jioni.

Kuna hekalu Uganda?

Hekalu kwetu si kanisa la kila Jumapili, ni jengo la ibada maalum, na Uganda bado halijajengwa. Lilitangazwa kwenye mkutano mkuu wa kanisa wa Oktoba 2024, kwa saa zetu ilikuwa usiku tumelala, tuliamka asubuhi simu inaita mfululizo, dada mmoja wa tawi analia tu haongei. Wenyeji walikuwa wanasafiri mbali sana kwenda hekaluni. La Nairobi lilizinduliwa Mei 2025, sasa ni basi moja la usiku.

Wadada nao wanaenda?

Wanaenda, miezi 18 badala ya 24. Wakati wangu walianzia miaka 19. Kiukweli walitushinda, wanaingia mpaka jikoni ambako sisi tunaishia sebuleni.

Mtu akirudi kabla ya muda?

Mpokeeni mpeni chakula. Malaria, msongo, mambo ya nyumbani, sababu ni zake. Kuuliza uliza acheni.

Nimepata wito wa Kampala naondoka mwezi ujao, nibebe nini?

Pasipoti, maana Wakenya na Wanyarwanda wanaingia Uganda kwa kitambulisho lakini sisi Watanzania hapana. Cheti cha homa ya manjano, cha kweli, si cha kununua. Viatu jozi mbili vyenye soli nene, fundi viatu yupo kila kona lakini soli ya kichina haishoneki. Mashati meupe sita, usinunue ya bei, kola zote zitakuwa rangi ya machungwa baada ya miezi mitatu. Sweta, ndio sweta, Kampala asubuhi kuna baridi ya kukushangaza ukitoka Dar. Chandarua utapewa. Tai moja ya ziada ya kumwachia mtu.

Na tui la nazi la pakiti, beba hata tano. Nilifunga safari masoko matatu Kampala kutafuta nazi ya kupika wali, nikapata moja, nikaipasua kwa furaha mbele ya wenza wote, ilikuwa imeoza.